Jiwe la Penseli na Makaa ya Kuzimwa

Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa darasa la sita, na sikurudi tena shuleni. Nilikuwa na wadogo zangu wawili wa kulea, bibi mzaa mama, na shamba la mikorosho pale Mandawa. Mdogo wangu wa kike alipofaulu kwenda sekondari Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilitembea kijijini kana kwamba aliyefaulu ni mimi.

Alipofika kidato cha tatu alirudi likizo amenuna. Mwalimu wa kemia alitaka kumtoa kwenye mchepuo wa sayansi kwa sababu ya alama zake. Alimpa nafasi moja tu: atengeneze kichujio cha kuondoa harufu kwenye maji, kisha aeleze kinavyofanya kazi.

Maji ya kunuka hayakutupa shida kuyapata. Kiangazi kisima chetu kilitoa maji yenye harufu ya matope, bibi akiyanywa huku ameziba pua.

"Kaka, kinachoshika harufu ni kaboni," aliniambia. "Makaa ni kaboni yenye takataka. Lile jiwe la penseli la kule kilimani ni kaboni karibu tupu. Kipi kitafanya kazi zaidi?"

"Kilicho safi," nilijibu bila kusita.

Jiwe hilo, ambalo siku hizi wanaliita kinywe, tulilitwanga kwenye kinu cha bibi mpaka mikono yetu ikang'aa kama magamba ya samaki. Tukaujaza unga wake kwenye ndoo iliyotobolewa chini, juu ya kitambaa na mchanga, tukamimina maji. Yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, na harufu ilikuwa ile ile.

Mdogo wetu wa mwisho akachungulia. "Dada, umetupikia wino."

"Toka hapa, pua kubwa wewe!"

"Na kinu changu?" bibi akalalamika. "Mtakula ugali wa penseli mwaka mzima!"

Tulicheka sote isipokuwa mdogo wangu wa kike. Alisema labda mwalimu ameona kweli, sayansi si yake. Kemia sikuijua, nikamwambia tu kwamba ndoo ipo na likizo haijaisha.

Kesho yake akajaribu makaa ya gunia, yale magumu yanayolia kama chuma yakigongana. Harufu ikapungua kidogo. Ndipo akayaendea makaa ya jikoni. Kwetu chakula kikiiva, makaa mekundu humwagiwa maji, yakafoka na kupasuka, kesho yakawashwa tena. Huwa mepesi, yana nyufa, na ukimpikia mgeni kwa makaa hayo unaona aibu. Aliyaponda, akayaosha, akayajaza. Maji yaliyotoka bibi aliyanywa bila kuziba pua, akaomba mengine.

Kwa nini yalishinda, hatukujua. Alirudi shuleni na ndoo yake na swali hilo.

Muhula ulipokwisha aliingia nyumbani, na kabla hata ya kuketi akatupanga kwenye duara, tumeshikana mikono.

"Hivi ndivyo jiwe la penseli lilivyo. Kila chembe imeshikana na wenzake, hakuna mkono ulio wazi. Uchafu unapita tu." Kisha akamvuta bibi nje ya duara. "Sasa hapa pana pengo. Kaka, mkono wako unafanya nini?"

"Unaning'inia."

"Huo ndio unaoshika. Makaa yaliyopasuka yamejaa mapengo na kingo za namna hiyo. Hata kwenye vichocheo vya viwandani, vile vinavyoharakisha kemikali kubadilika, mara nyingi kazi hufanyika palipo na kasoro."

"Kwa nini umenitoa mimi?" bibi akauliza. "Ungemtoa huyu mwenye pua."

Mimi nilikuwa na langu. "Na mwalimu?"

"Nilimpanga naye kwenye duara mbele ya darasa, nikamtoa hivyo hivyo. Alicheka mpaka akashika meza." Akatutazama mmoja mmoja. "Nimebaki sayansi, kaka."

Sanduku lake lilikuwa bado mlangoni. Nililiingiza ndani, nikamwuliza muhula ujao atahitaji nini.