Nilivyojitia kulifundisha kundi la chick lit la mke wangu hapa Tunduma

Wakuu, heshima kwenu wote, na nyie vijana wa humu mnaojua kila kitu nawasalimu pia.

Nawaletea jambo lililonikuta kwenye ukumbi wangu mwenyewe. Ni kweli tupu. Mimi kutunga siwezi, na hilo mtalishuhudia wenyewe mkiendelea kusoma.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mndali wa Ibaba, kule milimani Ileje. Shule niliishia la saba, na hata hiyo la saba nilikuwa naenda siku ambazo hakuna viazi vya kuvuna. Nikashuka Tunduma na nguo za mwilini, nikabeba magunia mpaka bega likaota sugu.

Leo nina duka la hardware, nina Fuso mbili, nina gesti yenye ukumbi nyuma.

Mtasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Wakati nabeba hamkuwepo.

Sasa mke wangu, Mama Bahati, ndiye alikuwa anakaa na mimi dukani. Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe, watu wa vijijini wanashuka kununua bati, misumari, na simenti. Mama Bahati ana mdomo wa biashara. Mteja akija kuulizia bei anaondoka na mlango.

Ghafla Jumamosi hayupo. Yuko ukumbini na kundi.

Kundi gani? Kundi la waandishi. Lilianzishwa na Madam Salome, mwalimu wa sekondari, kina mama na mabinti wanakutana kuandika kitu wanaita chick lit.

Nikamuuliza Madam, chick lit ndiyo mdudu gani?

Akasema ni hadithi za wanawake wa kisasa, kazi zao, mapenzi yao, mashoga zao, viatu vyao, na kicheko ndani yake.

Nikamwambia, "Madam, hayo si ndiyo maneno ya saluni?"

Akajibu, "Ndiyo hayo hayo Baba Bahati, ila yamepangwa."

Ukumbi tayari nilishawapa bure, ningefanyaje.

Shida ni kwamba stoo yangu na ukumbi vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Kila nikiingia kutoa mzigo nasikia kila kitu. Na nilichosikia, wakuu, ni aibu.

Kila hadithi binti anaitwa jina la kizungu. Anaishi Dar ghorofani. Anachelewa kazini, kisigino cha kiatu kinakatika, anaingia kwenye lifti, lifti inakwama, na ndani ya lifti kuna nani? Bosi. Bosi ni mrefu, ananukia, hajaoa, na hajawahi kutoka jasho tangu azaliwe.

Hadithi ya mke wangu bosi anaitwa Jayden. Mama Bahati hajawahi hata kuiona lifti kwa macho.

Halafu kuna kahawa. Yule binti asubuhi hawezi kuamka mpaka anywe kahawa ya povu, anafumba macho, analamba mdomo, ukurasa mzima.

Jamani! Iyula hapo Mbozi watu wanalima kahawa maisha yao yote, Fuso langu limeibeba sana. Nenda nyumbani kwa mkulima, unakaribishwa chai ya rangi. Sasa mtu wa hapa hapa Songwe anakwenda kuitafuta kahawa Dar, tena kichwani!

Na hiyo wanayoita kuchambua ndiyo ilinichosha zaidi. Mtu akimaliza kusoma, wenzake wanaanza: "Nimependa mpenzi," "Hapo kwenye lifti umeniua shoga angu." Mimi nikinunua mahindi kwa mtindo huo wa nimependa mpenzi, si ningeshafilisika zamani?

Jumamosi moja uzalendo ukanishinda. Nikaingia ukumbini na vumbi langu la simenti. Nikawaambia huyo Jayden ni mdoli, na nyie wote mnaandika maisha ya watu ambao hamjawahi hata kuwapa salamu.

Kuna mama mmoja pale anaitwa Zuhura, mtu wa Tanga, anauza vitenge sokoni. Ulimi wake ni wembe. Akasema, "Shemeji, karibu. Lakini hapa tuna utaratibu. Asiyeleta yake hachambui ya mwenzake."

Mke wangu naye akadakia, "Baba Bahati, tangu tuoane umeandika nini zaidi ya mali ikiuzwa hairudishwi?"

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kwenye ukumbi wangu!

Ndipo nikaweka dau. Nikasema nitaleta hadithi, hadithi ya mwanaume wa kweli na mwanamke wa kweli wa huku kwetu. Mkiipitisha, Mama Bahati anamzika huyo Jayden na Jumamosi anarudi dukani.

Mke wangu hakucheka tena. Akaniangalia. Akasema, "Na wasipoipitisha, kitabu changu kinachapishwa, na wewe hutatia neno. Siku ya uzinduzi unakaa mbele na suti."

Nikasema hakuna shida. Nilikuwa na uhakika, wakuu. Mtu aliyejenga gesti atashindwa na karatasi?

Nikaandika pale pale kaunta, mteja akija naweka kalamu sikioni.

Hadithi yangu ilikuwa hivi. Daudi ni kijana maskini, anabeba magunia. Anapambana, anatajirika, ananunua gari. Siku moja anapita Mlowo, anamwona Rehema, binti mzuri, anauza ndizi barabarani. Anasimamisha gari. Anamwambia, "Panda, nimekuchagua." Rehema anaacha ndizi anapanda. Daudi anamjengea nyumba ya vigae. Rehema anasema asante. Mwisho.

Hakuna lifti, hakuna povu, hakuna upuuzi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda. Madam akanisogezea sahani ya karanga za kuchemsha. Nikajua ni ukarimu. Kumbe ni sheria. Mwenye hadithi akishasoma anatafuna karanga zake, haruhusiwi kujibu lolote mpaka wote wamalize. Akijibu, hadithi imeanguka.

Nikasoma kwa sauti ya kanisani. Nikamaliza. Nikaanza kumenya karanga nikisubiri nimependa mpenzi zangu.

Madam akaanza taratibu. "Daudi namwona. Magunia nayaona, hata bega lake linaniuma. Huyu Rehema ndiye simwoni."

Nikatafuna.

Zuhura akasema, "Mimi nauliza ndizi."

"Ndizi zipi?" Madam akauliza.

"Za Rehema. Kapanda gari, ndizi kaziacha barabarani. Mtaji huo! Mfanyabiashara gani anatupa mzigo kwa sababu kaitwa na gari? Shemeji, wewe mtu akikupigia honi utaacha duka wazi?"

Wakuu, lile swali lilinipiga pabaya. Maana ni kweli. Mimi mwenyewe nikiwa nabeba magunia nisingeacha hata kamba yangu ya kufungia mzigo. Sasa Rehema wangu ameacha ndizi kwa nini?

Zuhura hakuniachia pumzi. "Na toka apande gari mpaka mwisho kasema neno moja tu, asante. Huyu ni mwanamke au ni risiti?"

Ukumbi ukalipuka. Mimi karanga zimejaa mdomoni.

Nikasema moyoni vumilia, mwanaume vumilia.

Kisha mke wangu akainua mkono. Akaongea polepole, hata haniangalii mimi, anawaangalia wenzake.

"Mimi nilikuwa nauza maandazi hapo Mlowo. Alikuja mbeba magunia mmoja, kajaa vumbi la pumba, akasema ana maneno na mimi. Nikamwambia nina kazi, subiri beseni liishe. Akasimama juani. Akaona haliishi haraka, akaenda kukopa kwa wenzake, akanunua yote yaliyobaki, akawagawia wapakiaji. Ndiyo nikakaa kumsikiliza. Hakuwa na gari. Angekuwa nalo asingenipata, maana ningemwogopa."

Hakuna aliyecheka.

"Basi hadithi ya kweli anayo," akasema, "kaiacha, kaenda kuandika uongo wa gari. Halafu anamsema Jayden wangu."

Hapo uvumilivu ukaisha. Nikasimama, karanga zinaruka, nikapiga kelele, "Sikukopa! Ile ilikuwa hela yangu mwenyewe!"

Madam akagonga meza. "Amejibu."

Basi. Imeanguka.

Na nisisitize hapa mbele yenu, sikukopa. Ilikuwa hela yangu ya wiki nzima.

Sasa msidhani nimebadilika nikawa shabiki. Hapana. Yale mambo bado nayaona upuuzi. Mtu mzima mwenye watoto kukaa kumlilia binti ambaye hayupo, eti kaachwa na bwana ambaye naye hayupo, mimi hapana.

Ila niwape haki yao. Mke wangu alirudi nyumbani akaifumua hadithi yote. Jayden kafutwa, lifti imefutwa, Dar yote imefutwa. Binti sasa ni wakala wa forodha hapa hapa mpakani, anabishana na madereva wa malori na anawashinda. Viatu virefu vimebaki. Nikamwambia Tunduma hii mvua ikinyesha visigino utavitoa na koleo. Akasema, "Ndiyo sura ya nne hiyo, vinanasa topeni."

Nikaisoma hiyo sura ya nne. Nilicheka. Nimecheka mara moja tu, na dukani hakukuwa na mtu.

Kitabu kimeshachapishwa Mbeya. Maboksi yamekuja na Fuso langu mwenyewe, juu ya mabati ya mteja. Uzinduzi ni wiki ijayo, suti iko kwa fundi inaongezwa kiunoni. Jumamosi dukani nimeweka binti wa kuuza. Ni mwaminifu, ila mteja akiulizia bei anaondoka na bei tu.

Nilichojifunza, wakuu, hasa nyie mliopambana wenyewe kama mimi: kwa mgeni unaweza kujisimulia utakavyo, ukajipa gari, ukajipa na nyumba ya vigae. Usijaribu mbele ya mwanamke aliyekuona ukisimama juani.

Wenye wake waandishi humu, mnaishi nao vipi? Nasikiliza. Na yule atakayekuja kuniuliza kuhusu kukopa, jibu nimeshatoa.