Mstari wa Majembe

Juzi nilimpeleka mtoto wa mdogo wangu Saidi kwenye kituo cha afya hapa Buyenzi. Kijana wa mlangoni akanipa kikaratasi chenye namba, nami nikacheka peke yangu.

Kule kwenye mashamba ya mpunga, alikolima mama, namba yako ilikuwa jembe lako. Unaliegemeza kwenye ukuta wa kituo, nyuma ya jembe la mwenzio, kisha unakwenda kukaa kivulini. Mimi sikulijua hilo. Alasiri moja ya utoto wangu tulifika wa mwisho, Saidi, bado mchanga, yuko mgongoni mwa mama, kifua chake kikitokota kama chungu cha maharage. Ukuta ulinuka tope na dawa ya sakafu. Niliona majembe yamesimama ovyo, nikayapanga kama tulivyopangwa shuleni, mafupi mbele. Fupi kuliko yote lilikuwa la mama, limeliwa na udongo.

Muuguzi akafungua mlango. "Jembe ya kwanza!"

Wanawake wakainuka, wakaduwaa. "Nani amegusa majembe?"

"Ni mi!" nikajibu kwa fahari. "Mafupi inatangulia, kama ku masomo!"

Wakageuka kumtazama Saidi mgongoni mwa mama. Kifua chake kilikuwa bado kinatokota. Kisha bibi mmoja akapiga makofi, akacheka. "Basi, mama wa mutoto, ingia! Jembe yako iko mbele."

Nilirukaruka kwa furaha! Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa nimewavuruga wote. Leo najua hakuna mkulima asiyelijua jembe lake. Kila mmoja aliijua zamu yake, akanyamaza.