Mfereji wa Mheshimiwa

Bi Wanu Haroub alikuwa tarishi wa baraza la mji kwa miaka thelathini na mmoja. Baraza la mji gani, mwenyewe hasemi, maana wakubwa wake wengi bado wa hai na wana simu. Kazi yake ilikuwa kupandisha mafaili juu, kuyateremsha chini, na kupika chai. Chai ndiyo iliyomsomesha siasa. Waheshimiwa walikuwa wakinong'ona, akiingia ofisa hunyamaza, lakini akiingia Bi Wanu na sinia waliendelea kusengenyana vile vile, naye akaendelea kutia sukari. Alimjua nani hulala kikaoni kwa kukunja uso kama anayefikiri. Alimjua nani huvaa miwani ya vioo vitupu ili aonekane kasoma.

Alipostaafu alibaki na chumba chake cha Mkunazini, maradhi ya goti, na kipaji ambacho hakuna aliyekuwa akikijua isipokuwa nduguze wa Mkokotoni: aliweza kumuiga mtu yeyote, kuanzia kikohozi mpaka anavyovua viatu. Akienda kwao kwenye harusi, wanawake humfungia chumbani wakamwambia, "Wanu, tutolee yule bwana mkubwa wako," na bibi harusi mwenyewe akawa anasubirishwa.

Jirani yake, Nusrat, msichana wa miaka ishirini na saba asiyeweza kukaa kimya, alikuwa akitengeneza mchezo wa kuchekesha wa televisheni uitwao "Mheshimiwa Yuko Kikaoni". Ulihusu meya wa Mwembeupepo, mji usiokuwepo kwenye ramani yoyote, pamoja na madiwani wake wanne na mbuzi mmoja. Walirikodi kwenye ukumbi wa nyumba kongwe, ghorofa ya pili, mitaa miwili tu kutoka kwa Bi Wanu. Nusrat akamwajiri awapikie waigizaji.

Siku ya kwanza Bi Wanu aliweka katlesi zake mezani, akakaa pembeni, akatazama. Aliyeigiza meya alikuwa Borafya, bwana mnene mwenye sauti ya radi, na kila akiingia ukumbini alikimbilia kiti.

"Meya hendi hivyo," Bi Wanu akasema.

Nusrat akasimamisha kamera. "Huenda vipi, Bi Wanu?"

"Meya hakifuati kiti. Husimama akangoja mtu amvutie. Asipovutiwa, hujifanya anatazama picha ukutani."

Akainuka na goti lake, akaonesha. Alisimama mbele ya ukuta usio na picha, mikono nyuma, akautazama ukuta kwa heshima kubwa. Wapiga picha walicheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje. Borafya hakucheka. Alichukua katlesi mbili akenda kuzila peke yake.

Tangu hapo Bi Wanu akawa anapika na kusahihisha. Mambo yakenda hivyo mpaka siku ya kurikodi sehemu ya saba, ile ya meya kuzindua mfereji, yaani bomba la maji la mtaani. Borafya alikuwa Nungwi tokea jana yake, kashika kipaza sauti kwenye harusi ya binamu yake. Alirudi saa tatu asubuhi, akapanda ngazi, akafungua mdomo kuamkia watu, isitoke sauti. Ilitoka hewa tu, kama mpira wa baiskeli uliotobolewa.

"Unasemaje?" Nusrat akauliza.

Borafya akaashiria koo. Akaandika kwenye simu yake: *Walinilazimisha niimbe.*

Nusrat akakaa chini sakafuni. Nyumba ilikuwa yao mpaka alasiri tu, na kituo cha televisheni kilikuwa kinangoja mchezo kesho yake. Mbuzi yupo, utepe upo, meya hana sauti.

Bi Wanu alikuwa anakoroga ukwaju. Baadaye aliwaambia watu kwamba hajui nini kilimpanda. Aliweka kijiko, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Hebu nipe huo mkufu."

Mkufu wa umeya ulikuwa mnyororo wa baiskeli uliopakwa rangi ya dhahabu. Nusrat alimvisha, na mafuta yakamchafua buibui kifuani.

"Leo meya yuko safarini," Bi Wanu akasema. "Mimi ndiye kaimu. Na hayo maneno mliyoyaandika wekeni kando. Nnalo jambo lilotokea kweli."

Lilitokea zaidi ya miaka ishirini nyuma. Baraza lilikuwa limejenga mfereji mtaani, wenye koki nzuri ya shaba, na mgeni wa heshima kashaalikwa. Asubuhi ya uzinduzi ikaja habari kwamba maji hayajafika, na hayatafika. Meya wa siku hizo, Mheshimiwa Jecha Bakar, hakubabaika. Aliamuru pipa liwekwe juu ya meza nyuma ya ukuta, liungwe na mfereji kwa mpira, na Wanu pamoja na dereva walijaze kwa ndoo kutoka kisima cha jirani. Hesabu ilikuwa koki ifunguliwe, maji yatoke, watu wapige makofi, koki ifungwe. Lakini Mheshimiwa Jecha alipoyaona maji yake yanavyomeremeta, akapendezwa nayo, akaiacha koki wazi, akaanza kuhutubia. Wanu akenda mbio kisimani. Dereva akenda mbio. Nyuma ya ukuta watu wawili wanakufa kwa pumzi, mbele ya ukuta mtu mmoja anaeleza historia ya maji tokea enzi za babu yake. Kwenye ndoo ya kumi na moja kisima kikatoa tope. Mfereji ukakohoa, ukatema jani, ukanyamaza. Wakati huo huo ikaadhiniwa Adhuhuri. Mheshimiwa Jecha akakitazama kipaza sauti, akasema, "Ndugu wananchi, maji yamekwenda kusali. Na sisi twendeni." Watu wakampigia makofi.

Bi Wanu aliigiza yote hayo asubuhi ile, yeye akiwa kaimu meya, na Borafya, kwa kuwa hana sauti, akapewa kazi ya kubeba ndoo. Alizibeba kweli, akatoka jasho la kweli, akamtazama Bi Wanu kwa chuki ya kweli, na kamera ikachukua yote. Bi Wanu alipotaka kukaa, alivutiwa kiti cha meya na madiwani wawili. Miaka thelathini na mmoja aliwavutia wengine. Akakohoa kile kikohozi cha Mheshimiwa, akaendelea.

Mchezo ulioneshwa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi Bi Wanu hakuweza kufika sokoni Darajani bila kusimamishwa. Muuza pweza alimwita "Mheshimiwa". Mwanamke asiyemjua alimshika mkono akamuuliza maji ya mtaani kwao yatarudi lini kutoka msikitini.

Jumapili, baada ya Alasiri, mlango ukagongwa. Bi Wanu akachungulia dirishani, kisha akafungua. Alikuwa Mheshimiwa Jecha Bakar mwenyewe, mzee sasa, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba." Akaingia, akasimama katikati ya chumba, akautazama ukuta. Bi Wanu akakumbuka, akamvutia kiti. "Wanu, nimekutizama."

"Naam."

"Mtu yule si mimi."

"Si weye, Mheshimiwa."

"Mimi sijapata kuzindua mfereji usio na maji maishani mwangu. Nataka umwambie huyo msichana atangaze hivyo."

"Ntamwambia," Bi Wanu akasema. Halafu akasema ukweli. "Lakini atashangaa, maana ushakuwa wa nne."

"Wa nne nini?"

"Wa nne kulalamika. Tokea juzi simu ya Nusrat hailali. Kapiga diwani mmoja wa shamba, anasema tumemdhalilisha, ule mfereji ni wake. Kapiga mwengine, anasema nani katoa siri ya ndoo zake. Na mmoja mstaafu kaapa ile kauli ya maji kwenda kusali kaisema yeye."

Mheshimiwa Jecha alinyanyuka. Bakora ikaanguka.

"Kaisema nani?"

"Yeye. Ndivyo anavyodai."

"Muongo! Mwizi huyo! Kauli ile nimeisema mimi, mbele ya watu mia tatu, wala sikuiandika popote, ilinijia tu! Weye ulikuwepo, Wanu. Ulikuwepo au hukuwepo?"

"Nilikuwa nyuma ya ukuta, Mheshimiwa. Nna ndoo."

"Basi ulisikia!"

"Nilisikia."

Akakaa tena polepole. Wakatazamana. Bi Wanu ndiye aliyeanza, akajaribu kuuficha mdomo kwa kanga, akashindwa. Mzee alijikaza kwa heshima yake yote, kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka kofia ikamwangukia mapajani.

"Ndoo kumi na moja?" akauliza alipopata pumzi.

"Zangu peke yangu sita."

"Nilikuwa sijui." Akafuta macho. "Wallahi nilikuwa sijui kama mnakimbia. Nilidhani mlikuwa na maji mengi."

Bi Wanu aliinuka. Alikwenda kuweka birika jikoni, akakawia huko zaidi ya ilivyohitaji chai.

Nusrat hakutangaza lolote. Borafya alipata sauti yake baada ya wiki mbili, akarudishiwa mkufu, lakini watazamaji walipiga simu wakimtaka kaimu, ikabidi Bi Wanu abakishwe kuwa naibu. Alikubali kwa sharti la kutafutwa mpishi mwengine. Mpishi akaja. Chumvi yake ilikuwa ya kukausha kisima, na sehemu ya tisa nusura isirikodiwe kwa kiu ya madiwani. Siku ya tatu Bi Wanu akampa likizo, akafunga kanga kiunoni, akaanza kumenya mbatata, mnyororo wa Borafya ukiwa shingoni mwake kwa kuwa mwenyewe kachelewa tena.