Siku Mama Yako Aliita na Sikumjibu

Mama yako anasema nilimsikia nikanyamaza. Ni kweli, mwanangu. Nilimsikia na nikanyamaza. Lakini hiyo kunyamaza iko na habari yake, na leo jioni kwa meza hakunipa nafasi ya kuieleza. Alisema tu, "Mwende, maiki ilikuwa kwa mkono yako," akakubeba akaingia chumbani. Ndiyo maana naandika. Baba anacheka, eti mtu aliyemaliza shule juzi anampa mtoto wa wiki tano nasaha kama mzee wa kanisa. Wacha acheke. Wewe utasoma wakati wako ukifika, na mimi kama mama yako mdogo niko na haki ya kukuita mwanangu.

Hiyo Jumamosi naikumbuka kwanza kwa matope. Hapa Noonkopir simu haijafika kwetu. Mama yako, dada yangu Ndinda, alikuwa muuguzi kwa dispensari ndogo mbele ya Kajiado. Huko sijui kama simu itawahi kufika. Walikuwa na redio ya mawasiliano, ile unabonyeza ukiongea na kuachilia ukitaka kusikia. Baba akasema na sisi tuwe nayo nyumbani, ndiyo siku zako zikikaribia Ndinda aite gari ya Baba. Ruhusa ikatoka, redio ikaja, na Mjomba Kilonzo, kaka ya mama yetu, akaja kuifunga. Alifanya kazi na redio za ranchi miaka mingi. Ni mtu mzuri, lakini haraka haijui.

Antena yenyewe ni waya mrefu unavutwa juu kati ya milingoti miwili. Mlingoti wa kwanza ulisimama Alhamisi. Wa pili ulilala chini siku mbili kwa sababu Mjomba alikataa kuusimamisha kwa udongo mweusi.

"Hii udongo ikinyeshewa inavimba, ikikauka inapasuka," alisema. "Tunachimba mpaka tukute murram, ule udongo mwekundu mgumu."

"Mjomba, kwa hiyo mwendo utafika Tanzania."

"Nikifika nitawasalimia watu wa huko. Leta jembe."

Redio ilikuwa tayari kwa meza, imeunganishwa na betri ya gari. Mjomba alikuwa amechomeka kipande cha waya nyuma yake, tuwe tunasikiliza tu. Akanionya mara moja, bila kucheka: nisibonyeze maiki kabla antena haijaingia. Nikibonyeza, nguvu ya redio itakosa pa kwenda, irudi ndani iichome. Itabaki inasikia watu lakini haisikiki.

Mchana nikawa naosha vyombo, mara nikasikia jina letu. Sauti ilikuwa mbali, kama mtu yuko ndani ya tangi.

"Nyumbani, nyumbani, hapa Ndinda. Uchungu umeanza. Gari ya dispensari imepeleka mgonjwa Kajiado, niko peke yangu na mlinzi. Mwambieni Baba aje. Mnanisikia? Ova."

Siku zako zilikuwa bado. Niliangusha sufuria, nikashika maiki, kidole kikakaa kwa kitufe. Mjomba alikuwa nje ndani ya shimo, kichwa tu ndiyo kinaonekana. Nikapiga nduru kwa dirisha.

"Mjomba! Ni Ndinda! Ameshikwa na uchungu! Nimjibu?"

"Usibonyeze!"

"Mara moja tu! Neno moja!"

"Hilo neno moja ndilo litaichoma! Anataka nini?"

"Anataka gari!"

"Na gari iko ndani ya hiyo maiki? Kimbia kwa baba yako!"

Nyuma yangu Ndinda akaita tena. "Mnanisikia? Jameni, hata mtu mmoja?" Mwanangu, nakwambia ukweli, kidole kilikuwa bado kwa kitufe. Nilitaka kusema "nakusikia" kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaweka maiki chini kama mtu anaweka yai, nikatoka mbio.

Baba alikuwa kwa kinu chake cha posho, hapo stendi. Nilifika bila kiatu kimoja, matope ilikuwa imekimeza. Baba alizima mashine mahindi ya watu ikiwa nusu, akapitia nyumbani kuchukua Mama, pickup ikaondoka. Ndani ya pickup hakuna redio. Kumbuka hiyo.

Niliporudi nilikuta Mzee Parsaloi, jirani yetu, na vijana wake wawili wameshika kamba.

"Sopa, Mwende," akanisalimia kwa Kimaasai. "Mjomba yako anachimba kisima ama kaburi?"

"Murram imefika," Mjomba akajibu kutoka chini. "Vuta!"

Wakavuta. Mlingoti ukapanda ukiyumba, wakajaza mawe, waya ukanyooka. Mimi nilikuwa kwa dirisha, sikio moja nje, sikio moja ndani. Ndani Ndinda hakuwa anaita tena vile. Alikuwa anaongea polepole kama anajiambia mwenyewe. "Basi. Kama hakuna mtu, basi."

Mjomba akaingia amejaa udongo, akachomeka waya wa antena, akaukaza kwa vidole. "Sasa bonyeza."

"Ndinda! Baba anakuja! Yuko na Mama, wametoka kitambo, usiogope, mimi nilikusikia, nilikusikia kutoka mwanzo..." Mjomba akanigonga mkono. Nilikuwa sijaachilia, na ukibonyeza husikii chochote. Nikaachilia.

"...amepitia wapi? Mwende, amepitia wapi? Ova."

"Barabara ya chini."

"Mto umejaa! Hapo chini gari haipiti!"

Kisha nikasikia anamwita mlinzi. Huyo mlinzi alikimbia na mvua kwa njia ya juu mpaka njia panda, akasimama katikati ya barabara akipunga shuka yake, na Baba akazunguka juu. Walifika. Gari haikuhitajika tena, ulikuwa umeshafika wewe. Mama alikupokea kutoka mikononi mwa Ndinda.

Sasa, mwanangu, shika hii. Kuna wakati mtu atakuita na hutaweza kumjibu na kumwendea pamoja. Mwendee. Usichome kile utakihitaji kesho, eti kwa sababu leo kidole kinawasha. Lakini usifikiri kwa sababu ulimwendea, yeye aliyekuwa anaita hakuumia. Wiki tano mimi namweleza Ndinda mambo ya redio, nguvu na waya na kuungua. Nimemweleza mpaka amechoka. Hata siku moja sijamwuliza ilikuwa vipi upande wake. Bado nimeshikilia kitufe tu.

Mungu akupe mtu wa kukusikia popote utakapokuwa, na miguu ya kuwafikia wako. Yeyo, yule mama mzee wa kwa Parsaloi, alishakutemea mate kidogo kwa kichwa akikubariki, mimi naongeza yangu hapo juu.

Kesho asubuhi, kabla Mama hajawasha jiko, nitapeleka maji yako ya kuoga. Nitakaa kwa kitanda, nimwulize mama yako alikuwa anafikiria nini hapo peke yake. Halafu nitafunga mdomo mpaka yeye mwenyewe aseme amemaliza.