Zamu Yangu ya Kuwa Baba Mkali

Katika igizo nilipewa nafasi ya baba mkali, na mwalimu, mmoja wa wageni wetu, akacheka akisema muzee huyu hahitaji mazoezi. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwetu Kasungami, na viti tulikuwa tumevitoa uani kwa sababu sebuleni hewa ilikuwa nzito kabla ya mvua.

Binti yangu ni muuguzi. Mwaka ule alikuwa amejiandikisha katika masomo ya juu kuhusu afya ya akili ya watoto na vijana, yale yaliyopangwa kwa watu wenye kazi zao: darasani mjini Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, kisha mazoezi katika vikundi vidogo. Wenzake katika kikundi walikuwa huyo mwalimu, wa shule ya msingi, na mama mmoja polisi anayeshughulikia kesi za watoto. Wiki iliyofuata wangepimwa mbele ya walimu wao. Kisa kilikuwa cha kijana anayekataa shule, na mtihani ulikuwa kuzungumza naye huku baba yake amekaa hapo hapo. Mimi nilikuwa baba. Kijana angeigizwa na mpwa wa mwalimu, lakini hakufika.

"Mi nitafanya," alisema mjukuu wangu kutoka mlangoni, mikono ingali na povu la sabuni.

Huyu ni mtoto wa binti yangu, msichana wa miaka kumi na mitano. Mama yake alisita. Alisema wamekatazwa kufanyia mazoezi watoto wao wenyewe.

"Ni muchezo tu," mwalimu alisema.

"Umuache bibi yangu acheze," nikaongeza. Kwetu kambo, yaani babu, humwita mjukuu wake wa kike bibi yake, yaani mke wake, kwa utani. Nilitumia utani huo sana, kwa sababu ulinipa cha kumwambia kila siku bila kuzungumza naye.

Mama polisi ndiye aliyeuliza maswali. Alitaka kujua tangu lini shule haimpendezi.

"Tangu nilirudia darasa."

"Na ku nyumba banasema nini?"

Nilirukia hapo, kama baba mkali. "Huyu? Asubuhi simu, magaribi simu! Kichwa nguvu kama jiwe! Atasomea wapi?"

Walicheka. Mama polisi aliinua mkono kuninyamazisha, ndivyo walivyofundishwa, akamgeukia tena msichana. Lakini msichana hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Papa," alisema, kwa kuwa katika mchezo nilikuwa baba yake, "miye niko nakalia kiti ya mutoto mwengine. Ni weye ulisema. Viatu vyangu nimekwisha kugawa. Nikitoka, kiti itabakia wazi, na hakuna mwenye atalia sana."

Ndipo nilipopiga makofi.

"Bravo, bibi yangu! Umetushinda wote!"

Mwalimu akafuata, na binti yangu pia, taratibu, akitabasamu bila raha. Mjukuu wangu alisema asante, akazunguka nyuma ya nyumba kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, apikie wageni bukari, ugali wetu.

Mama polisi alikuwa ameweka mikono yake mapajani.

"Mama," alimwambia binti yangu, "mu kisa yetu viatu haimo."

"Anapendaka teatre," binti yangu alijibu haraka. "Ku shule banamujua."

"Na ile kiti?"

"Sijue. Ametunga."

Hakutunga. Matokeo yake yalipotoka, nilisema mezani, mbele ya wajomba zake, kwamba mtoto anayerudia darasa anakalia kiti cha mtoto mwingine. Nilijiona nimesema jambo la busara, hata nikalirudia ili mjomba mmoja asiyesikia vizuri alipate. Na viatu nilivijua. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwona binti wa jirani amevaa vile vyeupe alivyonunuliwa kwa sikukuu. Sikuuliza kwa nini. Nilimwita mjukuu wangu mwizi wa jasho la mama yake, kisha nikamwahidi sitamsema, kama mtu aliyemtendea wema.

Sasa mama yake alikuwa ananiangalia, na nilitamani sana kunyamaza. Ningeweza kusema ni mchezo, tule, waende zao. Nadhani angalau mwalimu angenishukuru.

Nikasema yote. Nilisema nikiangalia udongo.

Binti yangu alisimama, akakaa, akasimama tena. "Papa, viatu ulivijua? Wiki nzima ulivijua?" Alitaka kukimbilia nyuma ya nyumba. Mama polisi akamshika mkono.

"Mutoto mwenye kugawa vitu vyake iko naaga. Weye ukimuuliza atasema hapana, asikuumize. Alisema kwa muzee. Muzee ndiye amuulize, leo, sasa hivi. Wazi wazi: uko na wazo ya kujiua?"

"Miye?" nilisema. "Neno hilo halitamkwi mbele ya mutoto! Ukiita nyoka, inakuja."

"Nyoka imekwisha kuingia mu nyumba, papa. Tuko nauliza tu iko mu chumba gani."

Binti yangu alifuta uso. Alinieleza kwa ufupi, kama anavyowaeleza wagonjwa wake, kwamba kuuliza hakumpi mtoto wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Nisibishane naye. Nisihubiri. Nikae, nisikilize, kisha nimwite. Nilimsikia, nikanyanyuka. Katika maisha yangu nimeteremka chini ya ardhi kwa kazi ya mgodi, na sikumbuki kuogopa vile.

Nilimkuta anapepea makaa. Nikavuta kibao, nikakaa. Nilianza na bukari, nikaingia kwenye mvua, nikaona najificha. Nikasema swali kama nilivyopewa, neno kwa neno.

Aliacha kupepea.

"Kambo, uko naniuliza kweli, ao tungali mu muchezo?"

"Muchezo umekwisha. Niko nauliza kweli."

Maji ya bukari yalianza kuchemka na kumwagikia makaa, na hakuna kati yetu aliyegusa sufuria.

"Ndiyo," alisema. "Hapana kila siku. Lakini ndiyo."

Kinywani mwangu kulikuwa na maneno mengi: mama yako anavyohangaika, dhambi, aibu, wengine wasio na chakula. Maneno hayo nimeyatumia miaka yote. Niliyameza, na yalikuwa magumu kumeza.

"Hautaniambia ni zambi?"

"Hapana. Neno ya kiti, nilikosa. Sema, niko nasikia."

Alisema. Alisema juu ya marafiki waliomwacha nyuma na wasiomsalimu tena, juu ya kulala bila kulala. Alisema kwamba mlangoni aliposikia nafasi ya kijana iko wazi, alifikiri: hapo naweza kusema, na nikichekwa, nitasema nilikuwa nacheza. Hapo nilielewa makofi yangu yalikuwa yamemwambia nini. Nikamwita mama yake, na nilipoinuka ili niwapishe, msichana alinishika shati, nikabaki.

Siku ile hatukumwacha peke yake. Dawa zote za nyumbani zilifungiwa kabatini, ufunguo shingoni mwa mama yake. Jumatatu tulimpeleka kwa daktari wa vijana, mtu asiyemjua yeyote kati yetu, maana mama hawezi kuwa mganga wa mwanawe. Binti yangu aliomba mtihani wake uahirishwe, akakubaliwa. Alitaka kuacha masomo kabisa. Sijui kama aliyemzuia ni mwanawe au ni mama polisi, aliyemfuata hadi kazini kumkaripia.

Mimi huingia na mjukuu wangu kwa daktari anaponiruhusu. Haijaisha. Kuna wiki nzuri, kuna nyingine ambazo hazungumzi, na daktari hajatuahidi kitu. Mlango wake ukichelewa kufunguka asubuhi, mimi hugonga na kuuliza kama yupo.

"Niko, kambo," hujibu kwa hasira ya usingizi. "Niko! Uniache nilale."