Barua ya Shukrani kwa Watu wa Brauza

Katika shirika la umma nilikofanya kazi ya kupiga chapa, barua iliyoingia ilijibiwa ndani ya siku saba. Ikipita ya saba, aliyeandika alikuwa na haki ya kuleta ukumbusho, na ukumbusho ulikuwa aibu ya ofisi nzima. Tulikuwa wanawake tisa katika chumba kimoja, mashine tisa, kelele kutwa. Kisha ukaja ubinafsishaji, tukapunguzwa sote siku moja, kila mtu akashika njia yake.

Mimi nilibahatika. Mzee mmoja wa Kihindi, ambaye familia yake imeuza vifaa vya ofisi pale Nyamagana tangu enzi za mkoloni, alinichukua kusimamia kompyuta mbili za intaneti alizoziweka ghorofani, juu ya duka lake. Wateja walikuwa wa kuokoteza. Wengi walipanda ngazi, wakauliza bei ya dakika moja, wakashuka. Kuna siku niliongea na watu wawili tu kutwa nzima, na mmoja wao ni muuza maandazi. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na sikuwa nimezoea.

Nilikuwa na brauza tatu, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti. Ya kwanza ilikuja na kompyuta yenyewe: nzito, laini ya simu ikikwaruza tu inaganda, na ukiibonyeza kwa hasira inazima kila kitu. Ya pili waliipenda waliowahi kufika Nairobi. Ilikuwa na picha inayochezacheza pembeni wakati unasubiri, kana kwamba kusubiri ni sherehe. Ya tatu ndiyo yangu. Ndogo, nyepesi, iliivumilia laini yetu mbovu, na hata mvua ikitokea ziwani ilileta maneno kwanza, picha baadaye. Kasoro yake moja: juu ya kioo kulikuwa na ukanda wa matangazo usiobanduka. Kamari, tiketi za ndege, dawa ya kung'arisha meno. Kuuondoa ilibidi ulipe kwa kadi ya benki ya kimataifa, kitu ambacho hata mzee hakuwa nacho.

Asubuhi moja ukanda wenyewe ukatangaza kwamba kampuni inasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Ukiwaandikia wiki hiyo, watakupa bure namba ya kuondoa matangazo. Nikaandika. Kabla sijamaliza kumenya chungwa jibu lilikuwa limefika: asante kwa kuwasiliana nasi, namba yako hii hapa. Nikaiingiza, ukanda ukatoweka, kioo kikawa kipana. Nilifurahi kupita kiasi, na hapakuwa na wa kumwonyesha.

Sasa, mtu akikupa kitu, unamshukuru. Nikakaa wima, nikaandika kwa Kiingereza cha shirika, kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Niliwaomba wahusike na kichwa hicho, nikawajulisha kuwa namba imefanya kazi, nikawauliza hali na kuwapa pole na kazi. Jibu likaja upesi: asante kwa kuwasiliana nasi, namba yako hii hapa. Ilikuwa namba nyingine. Nikadhani karani wao kachanganya majalada. Nikairudisha kwa barua, nikaeleza kuwa moja inanitosha, hiyo apewe mwenye shida. Wakanipa ya tatu.

Ilinipasa nishtuke hapo. Sikushtuka, kwa sababu tangu nipunguzwe kazi hakuna aliyewahi kunijibu upesi namna ile.

Ijumaa ya wiki hiyo, stendi ya Buzuruga, mtu ninayemfahamu aliniambia kuwa mwenzangu wa mashine ya jirani, tuliyekaa bega kwa bega miaka kumi na moja, amezikwa Igoma mwezi uliopita. Hakuna aliyejua pa kunipata. Nilikwenda ofisini, nikawasha kompyuta, nikawaandikia wale watu wa brauza. Mara hii sikuweka kichwa cha habari. Niliwaeleza alivyopiga chapa bila kutazama vidole, alivyonigawia viazi vyake kila saa nne, na kwamba sikumzika.

Asante kwa kuwasiliana nasi, namba yako hii hapa.

Mzee alipanda akanikuta nalia. Akazisoma barua zote, tangu ya kwanza, taratibu. Kisha akavuta kiti.

"Mama," akasema, "huko hakuna mtu. Mashine ndiyo inayojibu."

Nikamwambia najua. Nilikuwa nimejua tangu dakika lilipofika jibu la ile barua ya msiba. Akanipa pole ya msiba, akakaa nami kidogo, halafu wateja wakamwita chini, akashuka.

Jumatatu ofa ilikuwa imekwisha. Niliandika tena, mistari mitatu tu, salamu. Kimya. Nilisubiri mpaka jioni mbele ya kile kioo kipana, bila hata tangazo la meno.

Nikahesabu siku saba za kazi. Ya nane nikaandika ukumbusho.