Sweta Lililotekwa Msibani

Korogwe kuna joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na mimi nafuma masweta. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda, maana kila anayeingia uani kwangu anaanza na hilohilo. "Mama, unamfumia nani hayo? Una ndugu Ulaya?" Sina. Nafuma kwa sababu napenda, na kwa sababu nikikaa bila kitu mkononi, mdomo wangu unaanza kutafuta watu. Mume wangu analijua hilo. Akiniona nimeshika sindano anamshukuru Mungu na kujiondokea taratibu.

Sasa hivi nina kazi chungu nzima. Kuna kofia ya mtoto wa jirani, ambayo nimeshaongeza vitanzi na bado haimwingii, maana mtoto ana kichwa huyo, mama yake asinisikie. Kuna gauni la chupa ya chai lenye mikunjo kiunoni. Kuna soksi moja ya zambarau ambayo mwenzake sina hamu naye kabisa. Na kuna kifuniko cha siti ya bodaboda. Mwenye pikipiki alikiomba kwa heshima zote, nikamfumia, mvua ya kwanza kikanywa maji yote na abiria wakawa wanashuka na makalio yaliyolowa. Amekirudisha nimrekebishie. Nimrekebishie nini, mvua?

Uzi sinunui. Duka la Wahindi karibu na stendi lina uzi mpya wa kila rangi, na mama mwenye duka huniita kila nikipita, lakini uzi mpya haunipi raha. Mimi nakwenda gulioni kwenye mitumba. Mwingine akiokota sweta analipima kifuani. Mimi naligeuza ndani nje naangalia mshono. Likiwa limepigwa ovaloki ya mashine pembeni nalirudisha, kwa sababu hilo limekatwa kwa mkasi kama kitambaa, ukilifumua unaambulia vipande vya kufungia mchicha. Nalitaka lile lililofumwa kila upande peke yake kisha likaunganishwa. Hilo unafungua mshono, unatafuta mwisho wa uzi pale shingoni, unavuta, na sweta zima linakimbilia mkononi mwako. Jamani, raha yake! Uzi unatoka umejikunja kama nywele za mtu aliyefumua mabutu, unauosha, unautundika kwenye kamba na chupa ya maji chini yake iuvute, ukikauka umenyooka. Wauza mitumba wananiita mharibifu. Lakini pesa yangu wanapokea.

Sweta la baba nililifuma hivyo. Baba alikuwa mkulima Kwedizinga, upande wa Handeni, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa najifunza. Nilifumua masweta matatu, moja la damu ya mzee, moja la kijani na moja lenye rangi ya uji wa ulezi, nikayachanganya yote. Mkono mmoja ukamfika kwenye vidole, wa pili ukaishia juu ya kifundo. Mtu mwingine angelikunja akaliweka chini ya godoro. Baba alilivaa shambani, kanisani, kwenye mkutano wa kijiji, Julai na Februari, jasho linamtiririka. Wakimcheka anawajibu, "Mnaona wivu tu. Nyie watoto wenu wamewafumia nini?" Nilimpenda yule mzee mpaka basi.

Akafariki. Aliugua kifua, hakukaa sana.

Sasa, sisi ni Wazigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Kwa asiyejua, mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kukosa adabu msibani kwako, na huna pa kumshitaki. Wa kwetu ni bibi mmoja ambaye baba yake alikuja zamani kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akazaa, akazikwa hukuhuku. Bibi ana nyumba yake ng'ambo ya korongo, anavuta kiko, na mdomo wake ukiusikia unaelewa kuwa mimi bado mwanafunzi.

Siku ya mazishi alilala njiani jeneza lisipite. Alisema marehemu amekula kuku wake na hazikwi mpaka amtapike. Wanaume wakampa cha kumpa, akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa sweta la baba. Uwiii! Akatembea kwa mwendo wa baba, bega moja chini, akakohoa kikohozi cha baba, akasimama mbele ya mama aliyekaa mkekani na kusema kwa sauti ya baba, "Mke wangu, chai iko wapi? Nimekufa na kiu." Uwanja mzima ulicheka huku unalia, mpaka katekista akageukia ukuta. Mama peke yake hakucheka wala hakulia. Aliangalia sweta tu.

Mila ni kwamba kitu alichochukua mtani unakikomboa. Kaka yangu akatoa pesa, bibi akazirusha chini. "Kanunulieni muhogo wa kusongea bada, wala bada nyie! Sweta hili litarudi siku huyu binti yenu mfumaji atakaponifumia la kwangu. Na sitaki uzi wa dukani. Nataka la mtumba, kama la marehemu." Akaenda nalo, mikono ile isiyolingana inaning'inia.

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Haukuwa mzaha. Baada ya arobaini nilikwenda kumwona mama, nikamkuta kitandani mchana. Wifi yangu, mke wa kaka anayekaa naye, akaniambia ndivyo anavyoshinda. Uji anakunywa vijiko viwili. Haendi kanisani wala kisimani, watu wakija kumpa pole anageukia ukutani. Nilikaa kando yake nikamshika mkono, umekuwa mwepesi, nikaogopa kweli. Niliona tunakwenda kuzika wa pili. Kitu kimoja tu ndicho alichosema siku ile. "Sweta la baba yako liko wapi?"

"Kwa mtani, mama."

"Nalitaka."

Nani angehitaji kuambiwa mara mbili? Nilirudi Korogwe nikaacha kofia, nikaacha gauni la chupa, nikafumua kila kilichofumulika. Nikafuma sweta la kijani zuri, mikono sawasawa, nikapanda gari, nikamalizia na bodaboda mpaka kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi." Akalitazama kwa jicho moja, lingine amelifumba kwa moshi wa kiko. "Kijani? Mimi mgomba?"

"Bibi, hukusema rangi."

"Na wewe hukuuliza. Fumua."

Nilifumua. Nikaleta la damu ya mzee, akasema shingo inamkaba, nataka kumnyonga nirithi mbuzi wake. Nikalegeza shingo, akasema sasa inaingiza upepo. Akasema lina harufu ya Mzungu. Nimelifua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vimechubuka, harufu ya Mzungu inatoka wapi? Kila nikija, sweta la baba linaning'inia kwenye msumari mlangoni pake, mbele ya macho yangu, nami natamani kulinyakua nikimbie. Lakini mali ya mtani haiibwi. Ukoo mzima ungenitema.

Wakati huo wifi ananipigia simu. Mara ya kwanza alikuwa anahema. "Mama ameamka, ameoga mwenyewe, amechukua fimbo, ameenda kwa yule bibi kumtukana."

"Mungu wangu! Jua hili? Na magoti yake?"

"Nimemzuia, nusura anicharaze mimi."

Nilikasirika nikalia. Mjane mzima, mgonjwa, anavuka korongo kwenda kumdai kikongwe sweta la mumewe, na mimi mfumaji niko hapa nabishana na shingo! Baada ya siku chache wifi akapiga tena. Ameenda tena. Amebeba na mihogo.

"Mihogo ya nini?"

"Amesema hawezi kutukana na njaa."

Nikaona ni ajabu, nikadhani huzuni imemgusa akili. Nilikazana zaidi. Mume wangu alikula ugali na dagaa mfululizo na hakulalamika, maana aliuona uso wangu.

Safari ya mwisho sikumpa bibi nafasi. Nilifika asubuhi, nikamwamkia, akaitika, kabla hajafungua mdomo tena nikamvika mwenyewe, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kama mtoto wa chekechea. Sweta likamkaa! Likamkaa kama amezaliwa nalo. Majirani waliokuwa wanapukuchua mahindi wakapiga vigelegele, wakasema bibi amekuwa bibi harusi. Bibi akainua mikono, akaishusha, akajipapasa shingoni, akatafuta kasoro kila mahali. Hakuna.

"Haya, leta," nikamwambia nimekinga mikono.

Akalitoa la baba kwenye msumari, akalikung'uta, akalikunja polepole. "Chukua. Lakini usije ukasema sikukukatalia."

Sikumsikiliza. Nilivuka korongo nakimbia, na mwili huu! Nilijiona nimemwokoa mama yangu. Nilishapanga hata maneno ya kumwambia.

Nilimkuta mama amesimama uani. Amevaa gauni la kutokea, amepaka mafuta, anafunga kilemba, fimbo iko ukutani na kikapu cha viazi miguuni. Mashavu yamerudi. Nikamkabidhi sweta kwa mikono miwili.

Alilipokea akalinusa. "Linanuka kiko," akasema. Kisha akavua kilemba, akakaa kwenye ngazi ya mlango, sweta mapajani. Uso wake ukaanza kufungika mbele ya macho yangu, uleule uso wa kitandani.

"Mama, vipi? Si ulilitaka?"

"Nani amekutuma?"

"Wewe! Ulisema unalitaka!"

"Nililitaka," akasema. "Sasa ukishanipa, kesho nitakwenda kumdai nini?"

Nikajibu kijinga kabisa. "Nenda ukamsalimie tu, mama."

"Kumsalimia!" Akanitazama kwa hasira. "Nikitoka hapa, kila ninayekutana naye ananipa pole. Kanisani pole, kisimani pole, watoto wa shule nao wanasimama foleni, pole bibi, pole bibi. Nimechoka mimi! Kila pole nikiipokea, baba yako anakufa upya. Yule mchawi mla michembe, viazi vyao vikavu vya Unyamwezi, hajanipa pole hata siku moja. Nikifika ananiambia mume wangu alikuwa mwizi wa kuku na anatembea bega chini. Anavaa hilo sweta ananikoholea, nami namtukana, namtukana mpaka nasikia njaa, tunakula. Ndiyo nafuu yangu hiyo." Akanitupia sweta kifuani. "Mrudishie."

"Mama..."

"Mrudishie nimesema! Na usimwambie nimelia."

Alikuwa analia kweli. Tangu siku ya msiba sikuwa nimeliona chozi lake, na mimi likanitoka hapohapo. Mfumaji mzima, ninayejua kulitazama sweta ndani nje, mama yangu mzazi sikuwa nimemtazama.

Nilirudi ng'ambo ya korongo, safari hii polepole. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ndani ya sweta jipya, jua limemwakia, jasho linamtoka, hajalivua.

"Amesemaje?"

"Amesema bado anakudai."

Hakucheka. Alilipokea la baba akalitundika kwenye msumari, akalinyoosha mikono ile isiyolingana. Kisha akavua lake akanirushia.

"Hata hivyo kwapa la kushoto linanibana. Fumua."

Halikuwa linambana, na alijua ninajua. Nikakaa chini kando ya mahindi ya majirani, nikatafuta mwisho wa uzi pale shingoni, nikavuta, vitanzi vikaanza kuachiana. Bado nilikuwa nafumua nilipomsikia mama kutoka upande wa pili wa korongo, anawatukana Wanyamwezi wote ukoo kwa ukoo, sauti nzima kabisa, na bibi akainuka kubandika chai.